Kaka anatoa mawaidha msikitini, nyumbani ananiambia mwanamke harithi shamba

Shangazi shikamoo, na assalamu alaykum. Naomba unifichie jina maana huku kwetu Muheza safu hizi zinasomwa sana na wifi zangu wote wana simu kubwa.

Mimi nimeolewa, nina watoto wawili, naishi Tanga mjini nashona nguo. Kwetu tumezaliwa watano, wa kiume watatu, wa kike wawili. Baba alifariki mwaka jana kabla ya Ramadhani, ameacha shamba la machungwa na nyumba ya vyumba vya kupangisha hapa mjini. Mama yupo, ana presha na sukari, dawa zake tunanunua mimi na mdogo wangu wa kike, hao wanaume ukiwapigia utasikia ntatuma mwisho wa mwezi, na huo mwezi hauishagi.

Sasa mama alivyomaliza eda kikaitishwa kikao cha familia. Mi nikafunga safari nikijua naenda kukaa kikao kumbe naenda kupika. Sisi wanawake tukawekwa uani na sufuria za pilau, wanaume sebuleni na baba zetu wadogo na mzee mmoja wa msikitini, tukaja kuitwa mwishoni tusikilize maamuzi. Maamuzi yenyewe eti shamba ni la watoto wa kiume kwa sababu ni mali ya ukoo na kwa mila zetu za Kibondei mwanamke harithi ardhi, ataipeleka kwa ukoo wa mume. Nyumba ya mjini itakuwa chini ya kaka mkubwa, yeye ndo anakusanya kodi tangu baba amekufa na hakuna mtu anajua ni shilingi ngapi. Sisi wa kike tukaambiwa tutapewa "chochote" machungwa yakivunwa. Na kuna kiwanja ambacho mama alinunua kwa hela yake ya maandazi, karatasi ya mauziano ina jina lake, nacho wamekiingiza humo humo.

Nikauliza mbona Qurani imetaja fungu la mtoto wa kike, kaka akanijibu wanaume ni wasimamizi wa wanawake, hiyo nayo ipo kwenye Qurani hujaisoma? Watu wakacheka. Shangazi huyu kaka yupo kwenye kamati ya msikiti, kwenye maulidi yeye ndo anashika maiki anaeleza jinsi Uislamu ulivyomtoa mwanamke kwenye kuzikwa hai ukampa heshima, watu wanalia. Hata mahari yangu alipokea yeye kwa niaba ya baba na mpaka leo sijui iliishia wapi.

Ikapitishwa karatasi tukaambiwa ni mahudhurio. Mdogo wangu akasaini. Mi nikasema mtoto analia nikatoka nje. Baadae binamu yetu akamnong'oneza mdogo wangu kwamba juu ya yale majina kumeandikwa tumeridhia kaka awe msimamizi wa mirathi na sisi mabinti tumesamehe haki zetu.

Mama anasema niachane nao, nikipeleka ndugu zangu mahakamani nitamuua kwa aibu. Kaka wa pili yeye kanitumia voisi kabisa, anasema ukienda mahakamani siku ukiachika usije kulia hapa. Mume wangu yeye ananisukuma nikafungue kesi hata kesho, ila nina wasiwasi maana keshaanza kuongelea kununua gari la Noah. Na nikienda kwa masheikh naogopa wataniambia nisubiri, ntalipwa akhera. Dini inasema nini hasa na nifanye nini?

Dada wa machungwa, Tanga

*

Marahaba mwanangu, waalaykum salaam, na poleni kwa msiba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekasirika, kwa hiyo nivumilie nikizidisha ukali mahali.

Kaka yako ana vitabu viwili anavyovifungua kwa zamu. Kwenye mali anafungua cha mila. Ukimuuliza anafunga anafungua cha dini, na anakifungua kwenye mstari mmoja tu unaomfaa, tena anausoma nusu. Maana hiyo aya ya wanaume kuwa wasimamizi, sura ya nne aya ya 34, haikuishia pale alipoishia yeye, inaendelea inataja sababu, na mojawapo ni mali wanazozitoa. Msimamizi ni anayelisha. Sasa wewe unayenunua dawa za presha za mama na yeye anayekula kodi ya nyumba, kwa aya hiyo hiyo nani anasimamia nani hapo? Muulize taratibu, mbele ya yule mzee wa msikitini.

Ulichokiuliza kwenye kikao kiko sura hiyo hiyo, yaani kwenye msahafu ule ule kabla hajafika aya yake alishazipita hizi. Aya ya 7 inasema wanaume wana fungu katika walichoacha wazazi na jamaa wa karibu, na wanawake wana fungu katika walichoacha wazazi na jamaa wa karibu, kiwe kidogo kiwe kingi, fungu lililofaridhiwa. Kiwe kidogo kiwe kingi, maana yake na shamba limo, hamna mahali pameandikwa isipokuwa michungwa. Aya ya 11 ikaja na hesabu, mwanamume apate mfano wa fungu la wanawake wawili. Aya ya 12 ikaweka la mjane. Halafu 13 na 14 zikasema hiyo ndo mipaka ya Mungu, na anayeiruka kaahidiwa moto. Kwa hiyo ukienda kudai huendi kuomba upendeleo wala huendi "kuleta uzungu", sijui kama walishakwambia hivyo lakini watakwambia tu.

Na kuna kisa ningependa mama yako akisikie. Saad bin Rabii aliuawa kwenye vita vya Uhud, akaacha mjane na mabinti wawili. Kaka wa marehemu akachukua mali yote. Kwa desturi ya Waarabu wa wakati ule alikuwa sawa kabisa, mwanamke na mtoto walikuwa hawarithi kwa sababu hawapandi farasi kwenda kupigana. Mjane hakusema aibu, akawachukua mabinti zake mpaka kwa Mtume akamwambia hawa ni watoto wa Saad, ami yao kachukua mali yao yote na bila mali hawataolewa. Ikashuka aya ya mirathi, Mtume akamwita yule ami akamwambia wape mabinti wawili theluthi mbili, mama yao thumuni, yaani moja ya nane, kinachobaki ndo chako. Sasa linganisha na kikao chenu, wanaume wa ukoo, mali ya ndugu, hoja ni desturi. Ile aya ilishuka kuondoa neno lile lile ambalo kaka yako kalirudisha sebuleni.

Haya tuje kwenye hesabu, maana watu wanapenda kusema "dini inampa mwanamke nusu" halafu wakitoka hapo wanatoa sifuri. Baba yenu kaacha mjane, watoto wa kiume watatu na wa kike wawili. Sijui kama bibi na babu yenu waliomzaa baba wako hai, kama mmoja yupo naye ana sudusi yake, yaani moja ya sita, na hesabu inabadilika, lakini tuchukulie hawapo. Kwanza zinatoka gharama za mazishi, madeni, na wasia kama upo, na wasia hauzidi theluthi na haumwendei mrithi labda wenzake waridhie, kwa hiyo wakija na stori kwamba marehemu alisema kwa mdomo shamba liwe la wanaume, hiyo haisimami bila ridhaa yenu. Kinachobaki kigawe mafungu 64. Mama anachukua 8, hiyo ndo thumuni yake. Kila mtoto wa kiume 14, kila wa kike 7. Jumlisha uone, inafika 64 kamili. Kwa mfano tu tuseme mali yote ni milioni 128, mama milioni 16, kila kaka 28, wewe na mdogo wako 14 kila mmoja. Milioni 14 wanataka kukulipa kwa kapu la machungwa! Na kodi iliyokusanywa tangu baba afariki nayo ni mali ya warithi wote, inaingia humo, sio mshahara wa kaka.

Najua kuna wasomaji watasema mbona mwanamke nusu, hiyo ni haki gani. Mjadala huo upo na una watu wake. Jibu la masheikh ni kwamba mwanamume kabebeshwa matumizi ya mke, watoto na wazazi, mwanamke lake ni lake peke yake. Mi naongeza swali langu dogo, huyu anayechukua fungu mbili kwa ajili ya jukumu na jukumu lenyewe kalitupa kwa dada yake, hizo mbili anazichukulia nini? Ila wewe mwanangu leo hupiganii nusu wala robo, uko kwenye sifuri, tuanzie hapo.

Kiwanja cha mama kitoe kabisa kwenye meza. Hicho sio mirathi, mwenyewe yuko hai! Aya ya 32 ya sura hiyo hiyo inasema wanaume wana fungu katika walichokichuma na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Karatasi ya mauziano muifiche vizuri, mpige na picha. Na mahari, aya ya 4, wapeni wanawake mahari yao, yaani hela ile ilikuwa yako, baba au kaka anapokea kwa niaba yako sio kwa niaba ya mfuko wake. Hilo sikushauri ulianzishe sasa hivi, litawapa nafasi ya kusema unafukua makaburi. Liweke akiba.

Sasa mila. Hizo mila zinazoimbwa kama zilishuka na mlima zinabadilika kila siku ikiwa faida ni ya mwanamume. Jirani zenu Wadigo hapo hapo mkoani Tanga, zamani mirathi kwao ilipita upande wa mama, mpwa anamrithi mjomba, watoto wa kuzaa wanaangalia tu. Uislamu ulipokolea watoto wakasema dini inatupa sisi, na wapwa wakabanwa kwa aya hizi hizi. Dini ikimpa mtoto wa kiume inafuatwa mbio, ikimpa mtoto wa kike tunakumbuka sisi ni wa kabila fulani. Na sio Waislamu tu, nina barua za dada zetu wa Kilimanjaro ambao baba alikuwa mzee wa kanisa na kihamba, yaani shamba la ukoo, kimeenda kwa wanaume watupu, wakati kwenye Biblia, Hesabu 27, mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa kudai urithi wa baba yao na Mungu akajibu wamesema kweli, wapewe.

Na serikali nayo kwenye hili la mila imeshasema. Mwaka 1990 pale Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya alimwamulia mama mmoja wa Kihaya, Holaria Pastory, aliyerithi shamba la ukoo toka kwa baba yake akaliuza, mpwa wake akashitaki eti mwanamke haruhusiwi kuuza shamba la ukoo. Jaji akasema sheria za mila za mwaka 1963 zinazomzuia mwanamke vile ni za kibaguzi na zinapingana na katiba. Halafu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaweka kabisa kwamba mila inayomnyima mwanamke kupata, kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Kwa hiyo ukitoka kwenye dini wakakimbilia mila, huko nako pamefungwa.

Cha kufanya, nitakwambia kama ningemwambia mtoto wa tumbo langu.

Usisaini chochote, hata risiti ya machungwa. Usigombane kwenye grupu la familia. Wiki hii nenda Mahakama ya Mwanzo ya huko alipokuwa anaishi baba, ulizia kwa karani kama kuna shauri la mirathi limefunguliwa kwa jina la marehemu. Kaka hawezi kuwa msimamizi kwa kuchaguliwa kwenye pilau, lazima aombe mahakamani, ajaze fomu, apeleke cheti cha kifo na huo muhtasari wa kikao, na mahakama itangaze ili mwenye pingamizi ajitokeze. Kama bado, weka pingamizi lako kwa maandishi, eleza wewe ni mtoto, hukuridhia, na orodhesha mali zote unazozijua pamoja na vyumba na wapangaji wake. Kama keshateuliwa usikate tamaa, msimamizi hajapewa mali, kapewa kazi. Ana miezi minne kuleta orodha ya mali na hesabu ya jinsi alivyogawa, fomu namba 5 na namba 6, muulize karani kwa majina hayo hayo atakuona unajua. Asipofanya au akificha mali unaomba mahakama imuondoe. Usiporidhika na uamuzi unakata rufaa Mahakama ya Wilaya, na ni ndani ya siku 30, usizichezee. Na kwa vile baba yenu aliishi maisha ya Kiislamu na mmemzika Kiislamu, mahakama itaangalia hayo maisha yake, na kwa hali hiyo itagawa kwa sheria ya Kiislamu, yaani zile 64.

Mdogo wako mwambie asilie. Kuna kitu kinaitwa kujitoa kwenye mirathi na dini inakiruhusu, lakini mtu ajitoe anajua fungu lake ni kiasi gani na kwa ridhaa ya moyo wake. Mali ya Muislamu haiwi halali kwa mwingine ila kwa ridhaa yake, hiyo ni hadithi ambayo kaka anaijua. Kusainishwa mahudhurio halafu juu yake kukawekwa msamaha sio ridhaa. Naye aandike barua mahakamani aseme alidanganywa, na huyo binamu aliyenong'ona aombwe aseme kwa sauti, japo hapo nina mashaka, watu wa kunong'ona mara nyingi wanabaki hapo hapo.

Kabla ya mahakama au sambamba nayo, nendeni kwa sheikh wa wilaya wa BAKWATA, lile Baraza Kuu la Waislamu, na usiende na malalamiko, nenda na swali la kitaalamu. Mwambie naomba nigawiwe mirathi hii kwenye karatasi, warithi ni hawa. Sheikh yeyote aliyesoma faraidh, ile elimu ya kugawa mirathi, hawezi kuandika sifuri, kalamu itamkatalia. Akikwambia usubiri akhera mwambie nitasubiri, ila naomba na hiyo aya ya 14 tuisome wote pamoja na kaka. Karatasi hiyo ukiipata ndo umtumie kaka, kwa heshima, bila neno lingine. Mtu wa kamati ya msikiti anaogopa karatasi ya sheikh kuliko anavyoogopa hakimu. Kama hela ya wakili huna, TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, na Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake wanasaidia wanawake kwenye mirathi, na ustawi wa jamii pale wilayani watakuelekeza wasaidizi wa kisheria walio karibu.

Sasa lile lililonikaa moyoni, ile voisi ya kaka wa pili. "Ukiachika usije kulia hapa." Hapo ndo wanawake wengi wanaposhikwa, hawasaini kwa sababu hawajui haki yao, wanasaini kwa sababu wanaweka akiba ya pa kurudia. Unamwachia kaka shamba ili siku ndoa ikivunjika awe na uso wa kukupokea. Mwanangu nimepokea barua za hao waliorudi. Chumba cha uani, watoto wanaambiwa msile sana, wifi anahesabu ndoo za maji. Anayekutishia leo na wewe una ndoa yako, siku huna atakuwaje? Pa kurudia pa uhakika ni milioni 14 yako, hata ukinunua kakiwanja ukaweka vyumba viwili, ufunguo uko kwako.

Mama usimlazimishe achague. Kizazi chao walifundishwa kwamba mtoto wa kiume ndo atakayemzika, na yeye anaishi kwenye shamba la hao hao. Mwambie jambo moja tu, kwamba na yeye ana mafungu yake 8 na kiwanja chake, na wanavyogawa wao hana kitu, anakaa kwa hisani ya wanawe. Sidhani kama kuna mtu amewahi kumwelezea hivyo. Aibu anayoiogopa aiangalie vizuri iko mlango gani.

Na mume. Anaweza kuwa na nia njema na Noah kwa wakati mmoja, wanaume wako hivyo. Ila urithi wako ni wako, kwa dini na kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 ambayo inamwacha mke amiliki mali yake mwenyewe. Hela ikitoka iingie akaunti yenye jina lako peke yako, sio ya pamoja, sio simu yake. Akitaka kukopa mkopeshe, muandikishiane na mashahidi wawili na tarehe ya kurudisha, hiyo nayo ipo kwenye Qurani na ndo aya ndefu kuliko zote. Akinuna, mwache anune mpaka atapochoka.